Dufu Lisilowekwa Chini

Kasongo,
Shaabani 1307

Mpendwa kaka Hemedi,

Barua huanza kwa kuulizana hali, nami sitavunja adabu: u mzima? Watoto hawajambo? Huko Ujiji mnakula mkashiba? Sisi tu wazima. Macho ya mama yameharibika, lakini masikio yake ni yale yale, na utaona hapa chini yalivyomfaa.

Mvua ni nyingi mwaka huu na mpunga umekubali. Mazuri yangu yanaishia hapo.

Unaulizia chuo cha dufu cha mama, tena unataka tukupelekee wapigaji sita kwa harusi ya binti yako Amisa. Kaka, huna haya. Tangu tulipohama Nyangwe, mama anafundisha uani kwake bila kumtoza mtu. Anayetaka kujifunza huleta ngozi ya mbuzi, akawamba dufu lake kwa mkono wake, basi. Mungwana na mtumwa wanakaa mkeka mmoja. Hata wewe ulifundishwa hapo, na ulikuwa unapiga kama mtu anayetwanga mihogo.

Desturi yetu unaijua. Msafiri husindikizwa kwa dufu mpaka kijitoni. Hapo kiongozi huweka dufu kubwa chini, wote hunyamaza na kurudi nyumbani. Asipoliweka, hakuna anayeacha kupiga wala kutoka mstarini. Mama ndiye aliyewazoeza hivyo, na jambo hilo linamla mpaka leo. Siku ya safari yako ulimwomba uongoze wewe, naye akafurahi kwamba mwanawe amekumbuka chuo. Ulivuka kijito, hukuliweka. Wanafunzi kumi na wawili wakakufuata wakipiga na kucheka, wakidhani unawatania. Kabla ya kufika Kabambare ulikuwa umewafunga kamba.

Ukatuandikia kwamba ndui imewamaliza njiani. Mama alifunga chuo mwaka mzima.

Mwezi uliopita Kassimu, mmoja wa wale kumi na wawili, alirudi kwa miguu, nyayo zote vidonda. Aliniambia yote. Nilimsihi amwambie mama kwamba yeye alipona ndui, yaishe, maana niliogopa kumuua mzee wetu. Nilikosea.

Barua yako ilifika nikiwa Nyangwe kutafuta samaki. Mama akampa Kassimu amsomee. Alipofika pale unapowaombea dua marehemu wetu, jina kwa jina, akakuta na lake. Akaliruka, lakini masikio ya mama yakasikia.

"Soma yote, mutoto yangu. Usiruke kitu."

"Mama, ndui haikutupata. Mwana yako alitufunga kamba, akatuuzisha kule Ujiji."

Mama hakulia. Aliuliza kila mmoja yuko wapi, na Kassimu akamtajia wawili tu aliowajua waliko.

Shangazi Mwanvua wa kule Wamaza anakusalimu, kwa kuwa habari haijamfikia. Salamu za mama hazimo. Chuo kinaendelea, na Kassimu ndiye kiongozi sasa. Alhamisi iliyopita, baada ya kupiga, tuliwaombea marehemu kama ilivyo kawaida yetu. Mama aliwaondoa wale kumi na mmoja katika dua, akaweka jina moja mahali pao: Hemedi, mwanangu. Sote tukaitikia amina, mimi kwa sauti kuliko wote.

Mungu akulaze mahali pema.

Nduguyo niliyekupenda,
Yakubu