Muhuri wa Naibu

Jumanne

Si ningemwomba tu Madam Ayuma! Amenifundisha Bayolojia tangu kidato cha kwanza, na hata kwetu Shinyalu amewahi kufika. Lakini Baba alikataa. "Huyo ameajiriwa na wazazi tu, si na serikali. Chuoni wanaangalianga muhuri kwanza. Barua ya kukupendekeza iandikwe na naibu wa mwalimu mkuu."

Basi leo nikaenda ofisi ya walimu kumwomba naibu. Kanifundisha Kiswahili miaka minne, na nimeongoza darasa hadi wenzangu wakachoka kunipigia makofi. Akanitazama kama mtu aliyeleta mboga za kuuza. Kisha akacheka. "Aa! Si wewe ndiye yule wa 'habali ya asubuhi'?"

Walimu wote ofisini wakaangua kicheko, isipokuwa Madam Ayuma, aliyeinamia vitabu vyake. Nilikosea hivyo mara moja tu, siku ya kwanza, kwa woga. Makofi yote yale, na naibu alichoshika ni hiyo l moja!

"Haya, nitakuandikia. Jina?"

Lilian. Jina langu mwenyewe. Lakini walikuwa wamenigeukia wote, wakinisubiri, nami nikajisikia nikisema, "Ririan."

Akaliandika hivyo hivyo.