Sauti Niliyoiacha Darasani

Kijiji cha Kisiwani, Jumapili.

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepoa baada ya kazi ya shamba. Huku bondeni jua ni kali na upepo hautulii, lakini namshukuru Mungu.

Najua umenuna kwa sababu sipokei simu zako, najibu kwa ujumbe tu. Mdogo wangu Loth ameniambia unasema ualimu umenipa kiburi. Mama, si kiburi.

Tangu Mwalimu Sadock ahamishwe, nimeunganishiwa darasa la kwanza na la pili. Watoto wamejaa mpaka sakafuni chini ya ubao, madirisha hayana vioo, kwa hiyo kutwa nzima napaza sauti kushindana na upepo. Chai nainywa nimesimama, nikisahihisha. Jioni nikifika chumbani kwangu sina nguvu hata ya kuwasha jiko. Majirani ni watu wema, ila wameshazoea kuona mlango wangu umefungwa.

Sauti ilianza kukwaruza wakati wa mvua za vuli. Nilitafuna tangawizi uliyonitumia, nikaendelea. Nilipomwomba mwalimu mkuu ruhusa nikatibiwe, alinitazama kwa huruma akaniuliza, "Rogathe, nani atabaki nao?" Nikarudi darasani.

Mwezi uliopita, katikati ya wimbo wa kuhesabu, nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Watoto walicheka, wakidhani nawachezea. Kisha wakanyamaza. Maua, mwenye duka karibu na shule, ndiye aliyenipeleka hospitali. Njia nzima alinisemea kwa watu.

Mama, sikutaka ulisikie hili kwa mwingine. Daktari ameona vinundu kooni, penye sauti. Amesema nisitamke neno kwa muda mrefu, na huenda nikapasuliwa. Nilimwandikia kumuuliza kama nitaimba tena kwaya. Alisema hawezi kuniahidi.

Nimepewa mapumziko. Watoto anawafundisha mwalimu mkuu mwenyewe, na Ijumaa nilipopita shuleni nilimsikia naye ameanza kukwaruza.

Alhamisi nakuja nyumbani. Usiwaite wanakwaya kunipokea, wala usiniulize maswali. Niache nikae jikoni, wewe uzungumze, hata habari za kuku tu, mpaka nisinzie. Kunyamaza peke yangu kumenishinda.

Nisalimie Loth na Bibi Yudith. Ukiwaambia, waambie taratibu.

Ni mimi mwanao,
Rogathe