Propela Niliyoichagua kwa Haraka

Alhamisi, saa kumi jioni. Niko mwaloni, pale boti zinapoegeshwa, kando ya Ziwa Rukwa. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeniingia mpaka kwenye meno. Nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, naandika kwa simu.

Mliozoea kunisoma hapa mnanijua kwa vituko vya Tunduma, duka langu la spea za malori pale Mpemba na foleni za mpakani. Leo sina kituko. Leo nina hofu, na nina jambo la kuungama.

Mdogo wangu Neema ameolewa huku bondeni na Masunga, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wa baba yake akaishia kuyapenda maji kuliko ng'ombe. Ana boti ndogo ya mbao yenye mashine ya nguvu za farasi kumi na tano. Anavusha watu, magunia ya mpunga, na wagonjwa wa zahanati ya upande wa pili. Mwezi uliopita propela yake iligonga kisiki ndani ya maji, panga moja likakatika. Akanipigia.

"Shemeji, wewe ndiye mtu wa spea. Nitafutie nyingine."

Nilivimba kichwa. Nikavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, nikamkuta mzee mmoja ana propela mbili zinazoingia kwenye mashine ile. Upana sawa, zote mapanga matatu. Tofauti ilikuwa namba ya mwisho iliyogongwa pale katikati: moja ina tisa, nyingine ina kumi na mbili.

"Bamayo," aliniuliza yule mzee, yaani mama kwa lugha yao, "hiyo boti inabeba nini?"

Nilikuwa na haraka. Nilidhani anavuta maneno ili apandishe bei. Nikamwambia anipe ya kumi na mbili, namba kubwa ndiyo yenye nguvu.

Swali lake sikulijibu.

Siku za kwanza Masunga alikwenda na boti tupu, ikakimbia mpaka akanipigia kunishukuru. Ijumaa iliyopita akapakia watu kumi na wawili na magunia ya mpunga. Neema alikuwemo, ana mimba ya miezi saba, anarudi kutoka kliniki. Walipofika katikati upepo ukaamka. Masunga akafungua moto wote, lakini mashine ikawa inakoroma tu, haipandi. Boti ikakaa mkia chini kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Mawimbi yakaanza kuingia.

Walitupa magunia yote ziwani. Mama mmoja alijifunga mwanawe kifuani kwa kanga, ili kama ni kufa wafe pamoja. Neema alikuwa anachota maji kwa sufuria, na leo nimeona viganja vyake, vimechubuka hadi nyama. Boti ilipopungua uzito ndipo ikaanza kusogea. Hakuna aliyekufa.

Kwenye ziwa lenye mamba, hakuna aliyekufa.

Lawama zikamwangukia Fundi Sichone, aliyeifanyia mashine sevisi siku chache kabla. Wakasema kaweka plagi mbovu. Wenye boti wote wakamnyima kazi. Masunga aliponieleza hayo kwa simu Jumatatu, nilishusha pumzi. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi kwamba mwenye kosa amepatikana.

Jumanne akaja dukani dereva wa semi, klachi imeungua. Kumbe tandiboi wake alikuwa amepandisha mlima na mzigo kwa gia kubwa. Nikaanza kumcheka. Katikati ya kicheko nikaikumbuka propela.

Gia kubwa, mzigo mzito.

Niliacha duka wazi nikakimbilia Nakonde. Yule mzee akanieleza taratibu, bila kunisuta. Ile namba ya mwisho ni hatua, yaani umbali ambao propela inataka kuisukuma boti kwa mzunguko mmoja. Boti tupu inaiweza hatua ndefu. Boti ya mzigo inataka hatua fupi, mashine ipate pumzi ya kuzunguka. Mara ya kwanza sikumpa nafasi ya kuyasema haya. Nikachukua ile ya tisa.

Leo nimeteremka huku nayo mapajani. Ningeweza kumpa Masunga nikasema nimepata bora zaidi. Njia nzima nililifikiria hilo. Nilipofika nikamkuta Fundi Sichone amekaa peke yake kwenye kivuli cha kibanda, vifaa vyake viko ndani ya mfuko, havijafunguliwa. Nikawaita wote wawili, yeye na Masunga, nikasema mbele ya wauza samaki.

"Fundi hana kosa. Ni mimi. Niliulizwa boti inabeba nini, sikujibu."

Masunga alinisogelea. Nilidhani atanipiga.

"Fundi, ifunge hiyo propela," akasema. Kisha akanigeukia. "Shemeji, utapanda wewe kwanza."

Wakapakia mifuko ya mchanga, uzito wa watu kumi na wawili, nikakaa katikati yake. Sijui kuogelea. Tulipoacha ufuko nilishika mbao mpaka kucha zikauma. Masunga akafungua moto. Mashine ikapanda sauti, ikapanda tena, pua ya boti ikainuka kisha ikatulia, tukawa tunakwenda. Polepole kuliko zamani, lakini tunakwenda, na mawimbi yanapita chini yetu. Fundi alikuwa anasikiliza kwa kichwa kilichoinama. Akatikisa kichwa kukubali. Mimi nilitapika.

Nikamwomba Fundi msamaha. Akasema, "Yameisha, mama." Sina hakika kama yameisha. Ni mmoja tu kati ya wenye boti aliyemfuata leo kumpa kazi.

Neema nilimwogopa kuliko wote. Alinisikiliza hadi mwisho, amekaa na viganja vyake vimetazama juu. Hakulia, hakunitukana. Aliuliza swali moja tu.

"Dada, Jumatatu narudi kliniki. Utakaa pembeni yangu botini?"

Mwili wangu wote ulisema hapana. Nimemwambia nitakaa.