Kuvu Kwenye Kibuyu cha Mama

Jumamosi, Uriri. Mawingu yametanda tangu alfajiri na mvua hainyeshi. Joto la kero. Nimefika jana kutoka Homa Bay na tayari nataka kugombana na mtu, ila sioni wa kugombana naye.

Wanaonisoma hapa wanajua vita vyangu na watafiti. Wanakuja na magari meupe, wanachuma majani yetu yenye magonjwa, wanayatia kwenye bahasha, wanaondoka. Baadaye tunasikia wamepandishwa vyeo. Walikuja hapa nyumbani pia, msimu ule maharagwe yetu yalipojaa madoa ya kahawia yaliyobonyea na maganda yakaoza kabla ya kukomaa. Niliandika, nikapiga simu, nikatukana kwa adabu. Nilidai kitu kimoja: majibu yarudi kwa mwenye shamba.

Jana yalirudi.

Aliyeyaleta ni mtafiti kijana, binti wa Rusinga, Mjaluo kama sisi. Aliniita kando ya zizi, akaokota kijiti, akachora duara mbili vumbini. Ndani ya seli ya kuvu, alinieleza, mna mitokondria, kiwanda cha nguvu, nayo ina jenomu yake ndogo, maandishi yake ya urithi, ya mviringo. Wameisoma herufi kwa herufi. Ukubwa wake hutofautiana sana, hata kati ya kuvu ndugu, kwa sababu baadhi zimebeba vipande vya ziada vilivyojichomeka katikati ya jeni. Ya kuvu ya jirani yetu ng'ambo ya kijito ilikuwa duara ndogo. Yetu ilikuwa kubwa, vipande vilevile mahali palepale, katika shamba la mama, langu, na mashamba ya wadogo zangu wawili.

Nilimuuliza kama hiyo inatosha kuhukumu kwamba ugonjwa wetu una chanzo kimoja. Akasema peke yake haitoshi, ila jenomu kuu ya kuvu inasema vivyo hivyo. Na mbegu walizochukua kwenye kibuyu ambamo mama huhifadhi mbegu zake zina kuvu hiyohiyo.

Alisema hayo akitazama chini. Alijua anasema nini.

Mama ndiye mikayi, mke wa kwanza wa marehemu baba. Hapa kwetu hakuna mke wa mwana anayetia mbegu ardhini kabla yake. Yeye huitoa nyumbani mwake, hupanda, kisha huwagawia wakaza wana wake kiganja kwa kiganja kutoka kibuyu hicho. Golo kodhi, tunaita, kutoa mbegu. Hivyo ndivyo ugonjwa ulivyotembea, nyumba hadi nyumba, kwa heshima na kwa mpangilio.

Nilitamani binti yule awe amekosea. Nilitafuta kosa kama ninavyolitafuta kwenye hotuba za wanasiasa. Sikulipata.

Leo asubuhi nilimwambia mama. Siwezi kupiga kelele kwamba majibu ni ya mwenye shamba, kisha nimfiche mwenye shamba. Alisikiliza huku akichambua mboga. Akauliza kama hiyo duara inajua ni nani aliyempa mbegu ile. Alipewa na mama mkwe wake, mwaka alioolewa. Nikasema haijui.

"Basi inajua kidogo," akasema.

Mimi, ambaye mama husema hugombana hata na redio, nikachukua fungu la mboga nikamsaidia kuchambua.

Nikampa njia: tununue mbegu safi dukani, yeye atangulie kupanda kama kawaida. Atieno, mke wa mdogo wangu, akaongeza kwa upole kwamba pakiti inaweza kulala kwanza chumbani mwa mama, ndipo itoke. "Mama, hata mimi nililetwa kutoka kwingine nikalala hapa. Leo si mimi ni wa hapa?"

Mama alicheka kidogo. Kisha kicheko kikaisha.

"Wuoda, mwanangu," aliniambia, "mikayi anayeacha kutoa mbegu yake ni yule aliyekufa. Mnaniambia nimekufa?"



Mchana aliosha majivu ya kuzuia wadudu kwenye maharagwe ya kibuyu, akayamimina yote sufuriani. Yakipikwa hayadhuru, binti alikuwa amesema. Mama alituita sote, akapakua kwa mpangilio wa nyumba, mkubwa hadi mdogo. Tulikula mbegu ya bibi yetu bila kutazamana. Yalikuwa matamu, na hilo liliniuma zaidi. Yeye hakula.

Sijutii kudai majibu. Nitayadai tena, na atakayeficha atanisoma hapa. Lakini miaka yote hii niliandika kana kwamba ukweli ukifika kijijini utamkuta mwizi fulani, mtu wa mjini, mwenye tumbo kubwa. Haukumkuta mwizi. Ulimkuta mama yangu ameinama juu ya sinia ya mboga.

Jioni nimenunua pakiti ya mbegu sokoni. Iko mezani kwangu. Mama hajasema niipeleke nyumbani mwake, nami sijathubutu kuuliza. Wake zetu wameshanoa majembe. Mvua ikishuka kesho, nani atatangulia shambani?