Kimya cha Sura ya Tisa

Dada yangu,

Shikamoo. Hamjambo huko, na shemeji je, mgongo umeacha kumsumbua? Mama mshike vidole umwambie shikamoo hii inatoka kwa Masikio wake. Mimi mwili mzima. Mengine yamo humu, na naomba uyasome peke yako kwanza, ukiwa umekaa.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ninayo. Wiki hii nimeishika simu hiyo mara nne nikairudisha mezani. Mtu ninayeshinda nikisikiliza sauti za watu, nimeogopa kuisikia yako.

Uliponipigia uliniambia umemwekea mama kitabu cha maisha ya baba, kile cha kusikiliza alichokisoma mwenyewe, kwa kuwa macho ya mama sasa hayaoni hata mwanga wa dirishani. Nilicheka uliposema amekaa wima kitandani, kajifunga kitambaa kipya kichwani kana kwamba mzee anaingia mlangoni. Halafu ukasema amesikiliza sura zote kumi na mbili, na kila moja ikiisha anauliza kama bado hajatajwa. Kumbe ametajwa mara moja tu, tena kwenye kile kichekesho cha sufuria.

Kichekesho kile kilimlisha baba jukwaani miaka ishirini na tisa: kwamba kovu la kwenye paji lake la uso ni la kupigwa na mkewe kwa sufuria ya maharage. Watu wakavunjika mbavu, mama akaitwa Mama Sufuria hadi sokoni. Wewe ulipigana shuleni mara ngapi kwa ajili hiyo? Mama alikuwa akicheka nao, kisha akifika nyumbani anafunga mlango wa jikoni, na sisi tunajifanya hatusikii kitu. Hata baba alipotuhama, jina lilibaki.

Sasa hilo la mama kuchanganyikiwa. Umesema kila akifika sura ya tisa, kichekesho kikiisha tu, anakuambia urudishe, hapo kuna mtu. Unarudisha, wewe unasikia kimya kidogo basi. Ukaniuliza kama tumpeleke kwa daktari. Usimpeleke popote, dada. Mama ana akili timamu kuliko mimi na wewe.

Nilikuficha kwamba kitabu kile nimekihariri mimi. Studio yetu ni kichumba kilichowambwa sponji ukutani. Msomaji anakaa ndani na maiki, mimi nje ya kioo. Akimaliza nakata kikohozi, ulimi uliokwama, tumbo linalonguruma. Amri ya bosi ni kwamba lisiloandikwa kitabuni linatoka. Ila ukikata huachi tundu tupu, maana hata chumba ambacho hakuna anayesema kina sauti yake, na tundu likiwa tupu sikio linashtuka. Kwa hiyo kila siku tunamwomba msomaji akae dakika nzima bila neno, tunarekodi kimya hicho, ndicho tunachotilia viraka.

Baba alikuja amekonda, shati linamning'inia. Hatukuwa tumeonana miaka sita. Akanitazama kupitia kioo akasema kumbe yale masikio yamepata kazi. Sikucheka. Siku ya nne akasoma kichekesho cha sufuria, na dada, Mungu anisamehe, alikisoma vizuri mpaka nikauma mdomo. Kisha akaiweka karatasi chini.

Akasema yule mwanamke hakumpiga hata siku moja. Alianguka mwenyewe ngazini, amelewa, na mkewe ndiye aliyekaa sakafuni akilikandamiza jeraha kwa gauni lake jipya mpaka damu ikakatika. Siku tatu baadaye alipanda jukwaani na bendeji, mtu akamuuliza kulikoni, akaona haya, akasema sufuria. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tangu hapo kila mahali wakawa wanaitaka sufuria, naye akawapa. Akamtaja mama kwa jina lake, lile alilopewa na wazazi wake, ambalo sijapata kumsikia akilitamka. Akasema anamwomba msamaha, na kwamba gauni lile lilikuwa la kijani. Halafu akaniambia haya hayamo kitabuni, nikate au niache, mimi ndiye nijuaye, yeye hana tena haki ya kuamua.

Tukarekodi kimya cha siku hiyo, akaenda zake.

Nikakata. Usinitetee kwa amri ya bosi. Simu moja kwa mchapishaji ingetosha, angekubali mara mbili. Nilikata kwa hasira. Nilijiambia aliyemfanya mama achekwe na watu wote hatasimama mbele ya watu haohao apigiwe makofi kwa kusema samahani. Nilitaka afe na uongo wake, na wiki tano baadaye akafa nao. Wala baba sikumpunguzia kitu. Niliyemdhulumu ni mama. Ukweli wa kovu lile anaujua toka zamani, alichokuwa akingoja ni kumsikia baba akiusema. Sasa watu wanaichekea sufuria upya, na safari hii nimewapa mimi.

Nimekitafuta kile kipande. Kazi ikikabidhiwa masalio yanafutwa, na niliyafuta kwa mkono wangu. Nimepekua mashine zote, hakipo.

Kwa hiyo msomee mama yale niliyoyaandika hapo juu, polepole, na gauni usiliruke. Akikataa kunisikia tena, nitakuwa nimestahili.

Msalimie shemeji, na wajomba zangu wadogo uwabusu wote. Na mama akisema urudishe pale, rudisha, hata mara mia. Kiraka nilichotia ni kile kimya cha siku ileile, na kwa hasira zangu sikukisafisha. Ni baba huyo, ametoka tu kulitaja jina la mama, amekaa mbele ya maiki wala hamchekeshi mtu. Pumzi anazozisikia mama ni zake.

Ni mimi mdogo wako,
Masikio