Picha ya Ubongo wa Mama

Kumasi, Ijumaa

Kaka yangu mpendwa Opoku,

Pokea salamu za mdogo wako, nikitumaini joto la Tamale halijakukausha ukabaki mifupa. Sisi huku ni wazima. Mama anakula vizuri. Jana alimaliza fufu yote kisha akalalamika kwamba supu haina pilipili. Kwa hiyo usishtuke, hii si barua ya msiba. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningenyamaza, na barua nampa dereva wa basi leo ili ikufikie kabla ya Jumapili.

Uliniuliza kama Mama bado hanijui. Bado. Kila asubuhi nikiingia chumbani ananikaribisha kiti, anaagiza niletewe maji ya mgeni, na nikishayanywa ananiuliza habari za nitokako. Maji yenyewe nayaleta mimi. Nikimwambia natoka chumba cha pili, ananipa pole ya safari. Zamani nilikuwa nacheka.

Sasa ile makala yangu, uliyoikata gazetini ukaiweka ndani ya Biblia. Heri ungeiacha ifungiwe karanga. Kichwa cha habari nilichoandika mimi kilianza na "Huenda". Mhariri wangu, Bwana Amoateng, akauliza ni nani atanunua gazeti la huenda, akaweka chake: Sauti ya Mwana Huwasha Ubongo wa Mama. Chini yake picha ya ubongo wenye doa jekundu kama nyanya, na mji mzima ukaamini. Muuza ndizi wetu alinishika mkono akaniambia kumbe mapenzi ya mama yanakaa hapa, juu ya sikio, na yeye miaka yote akidhani ni moyoni.

Daktari Pokuaa, mwenye utafiti nilioueleza katika makala ile, alinipigia simu. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. Alisema picha ile si ya mtu yeyote, ni wastani wa wazee kumi na tisa waliopoteza kumbukumbu, na wekundu ule ni hesabu iliyopakwa rangi. Ubongo si jiko, alisema, useme hapa pamewaka na pale pamezima. Hata kutambua sauti moja tu kunapita sehemu nyingi zinazosemezana, na yeye mwenye miaka ishirini kazini hajui zinaambizana nini. Haya yote nilikuwa nimeyaandika. Yalikatwa ili tangazo la sabuni lipate nafasi.

Lakini kuna jambo sikukwambia. Mama alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa. Alilazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo akasikilizishwa sauti yako niliyoirekodi simuni, kisha yangu. Nikambembeleza fundi wa mashine anionyeshe picha za Mama peke yake. Kwa sauti yako, doa jekundu. Kwa yangu, kijivu kitupu. Daktari alipojua alinigombeza: picha ya mtu mmoja kwa siku moja haisemi kitu, pengine aligeuza kichwa, pengine alisinzia. Namwelewa, hata mimi ningemweleza mtu mwingine hivyo hivyo. Lakini mimi ndiye ninayemwogesha, Kaka, na niliiamini picha ile kuliko msomaji yeyote wa gazeti letu.

Iliniuma, ndipo nikafanya hili ninaloungama. Zile Jumapili kumi na mbili ulizotoka kanisani ukapiga simu kuzungumza na Mama saa nzima, simu haikufika sikioni kwake. Nilikuwa nayo mimi jikoni, mlango nimeufunga. Kisa cha mbuzi aliyekula mitihani ya mwalimu mkuu nimekisikia mimi. Ulipouliza mbona kimya, nikakwambia simu inamshangaza ila anatabasamu. Aliyetabasamu ni mimi. Mwanzoni ulikuwa wivu tu. Baadaye nikawa naingoja Jumapili, maana wiki nzima humu ndani hakuna mwingine anayezungumza nami kama mtu anayenijua.

Nimekuibia, na Mama pia nimemwibia. Nisamehe ukiweza. Wifi Konadu na watoto wape salamu zangu, na wao usiwafiche nilichofanya.

Jumapili nitaiweka simu sikioni kwake, naapa. Sijui kama atakujua au atakuagizia maji, na daktari naye hajui. Zungumza naye mpaka uchoke. Ila ukimaliza usikate. Ngoja niichukue simu, uniulize na mimi habari za nitokako.

Ni mimi mdogo wako,
Akyaa