Tisa Iliyoniuma na Mkanda wa Burma

Nyumbani kwa Mama Hannah,
Kabiria, karibu na Riruta,
Nairobi.
Jumapili, 15 Oktoba 1972.

Mpendwa Baba Mdogo Zedekiah,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko mahindi ya ghala lako mwaka huu, kama panya wamekuachia. Hujambo? Goti lako je, bado linatabiri mvua? Na Mama Phoebe, kile kikohozi kimemtoka? Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na leo kanisani nimeimba hadi mama mmoja wa kiti cha mbele akageuka kunitazama.

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba habari za bunduki zina lugha yake, nayo ni Kiswahili cha jeshi, na Kijaluo ni cha ng'ombe na harusi. Basi leo habari ni za bunduki. Mwite Mama Phoebe aache anachofanya, mkae wote wawili.

Nimepasi, Baba Mdogo! Nimepasi mtihani wa bastola siku ya Ijumaa, risasi ishirini na saba ndani ya duara kati ya thelathini. Soma tena hapo kama hukuamini. Mimi nimesoma ile karatasi yangu mara kumi tangu juzi na bado inasema hivyo hivyo.

Sasa nianze mwanzo, maana najua utataka kujua kila kitu ili ukabishane nacho.

Unakumbuka nilikueleza kwamba tulichaguliwa wanawake sita kutoka stesheni mbalimbali za polisi? Kazi yenyewe ni ya nguo za kiraia, pale mjini, kutembea na wageni wa kike wa serikali wanapokuja kwenye mikutano. Wanasema likikamilika lile jengo refu la mviringo karibu na Bunge, wageni watamiminika. Nafasi zilikuwa nne tu. Wawili wangerudi walikotoka, na kwangu mimi hiyo ni meza ya mbele, kuandika kwenye daftari miavuli na meno ya bandia ambayo watu wamesahau kwenye basi. Miaka mitatu nimeandika miavuli, Baba Mdogo. Nilikuwa nimechoka nayo.

Kwa sababu bastola ya kazi hiyo inafichwa chini ya sweta, lazima iwe fupi, na kila mtu aliruhusiwa kuchagua ya kwake kisha afanye mtihani nayo hiyo hiyo. Nilipokuandikia jambo hilo ulinijibu kwa mstari mmoja tu: mchagua jembe si mkulima. Ahsante sana. Nilicheka, lakini nilikasirika pia, na nitakuambia kwa nini huo msemo wako haukufaa.

Siku ya kwanza Nashon, fundi wa ghala la silaha, mtu mpole anayenuka mafuta ya mashine hadi kwenye nywele, alitandika kitambaa na kuweka bastola mbili. Moja nyembamba imeandikwa 32. Nyingine ndogo, nyepesi, ya kukaa kiganjani, imeandikwa 9. Mkono wangu unaujua, ni kama wa Marehemu Baba, mfupi. Nikajiambia, Peres, usijitie ushujaa, anza na namba ndogo. Si ndivyo tunavyonunua viatu? Tisa ni ya mtoto, thelathini na mbili ni ya mtu mzima. Nikachukua tisa. Nashon akainua nyusi.

Wee! Nilipofyatua niliona mbingu. Kile kibastola kiliruka kama mbuzi aliyekanyagwa, na kwa kuwa nilikuwa nimelaza dole gumba la kushoto nyuma ya mkono wa kulia, kama mtu anayeshika mchi wa kutwangia, chuma cha juu kiliporudi nyuma kikanichana. Damu ikatoka. Karatasi ya shabaha ilibaki safi kama shuka la hospitali. Wenzangu walicheka, na Wanjira, rafiki yangu wa Riruta ambaye utamsikia tena humu, alicheka kuliko wote, huku akinifunga kidole na leso yake.

Ndipo Nashon akanieleza. Kumbe 32 ni kipimo cha inchi, inchi iliyokatwa vipande mia. Tisa ni milimita, kipimo hiki kipya. Ukiziweka pamoja, tisa ndiyo nene, tena ina baruti zaidi. Yaani nilifanya kosa lile lile la akina mama wa sokoni wanaogombana na mwenye duka kwa sababu kilo moja ni ghali kuliko ratili mbili. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwacheka!

Wanjira alichukua ile nyembamba ya 32 na akaipenda siku hiyo hiyo. Inapiga taratibu, inamtii. Mimi nikabaki na aibu. Kila mtu pale alisema ile 32 yenye risasi ndogo si ya kudharau, na Sajini Kihara, mwalimu wetu, alirudia kila asubuhi kwamba risasi ndogo iliyopata ni kubwa kuliko risasi kubwa iliyokosa. Ni kweli. Lakini nami nilipoishika ile nyembamba, nilikosa nayo pia! Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Kosa halikuwa kwenye bastola peke yake.

Sasa nisamehe, Baba Mdogo, lakini kosa lilitoka kwako.

Ulinifundisha Pasaka pale uani, kwa mwiko wa kusongea ugali badala ya bunduki, nisimame kama mlingoti wa bendera, visigino pamoja, kifua nje. Nikasimama hivyo. Sajini Kihara akanizunguka mara mbili, akauliza nani kanifundisha. Nikasema ni baba yangu mdogo, askari wa Keya, lile jeshi la Mwingereza, alipigana Burma. Akapiga saluti kwa heshima yako, naapa, kisha akanisukuma kidogo begani kwa kidole kimoja nikaanguka nyuma. Akasema, “Huyo mzee alikufundisha gwaride. Bastola haikagui gwaride.”

Halafu akanifanyia hila. Alichanganya risasi moja bandia kati ya zile za kweli, bila kuniambia ni ipi. Nilipoifikia, bastola haikulia kabisa, lakini mkono wangu uliinama chini wenyewe na macho nikafumba. Yaani nilikuwa naogopa teke la bastola kabla halijaja. Watu wote waliona. Usiku huo sikula.

Nilimwandikia Caren kule Kisumu kwamba narudi kwenye miavuli. Dada yangu huyo, unamjua, hakunipa pole hata kidogo. Alijibu kwamba nikirudi nisimtumie mwavuli.

Basi nikaanza mazoezi. Bastola hatuendi nazo nyumbani, kwa hiyo niliazima pasi ya makaa ya Mama Hannah, mwenye nyumba wangu, nikawa nainyoosha mbele kwa mikono miwili, nahesabu hadi mia, nimeweka kizibo cha soda juu yake. Kizibo kikianguka naanza upya. Mama Hannah alinitazama siku tatu, siku ya nne akaniuliza kwa upole kama kuna mtu kwetu aliyewahi kuugua kichwa.

Na ni yeye aliyeniokoa, bila kujua. Mama Hannah hataki uji wa unga wa mashine, husaga wimbi wake kwenye jiwe. Jumamosi moja mkono ulikuwa unamuuma, nikamsaidia. Nilikuwa nimeinama juu ya jiwe, nasukuma, mara nikaona: magoti yamekunjika kidogo, kifua kimetangulia, viwiko vimelegea, mikono yote miwili inafanya kazi moja. Hata mtu angenisukuma hapo nisingeanguka nyuma. Nikauacha wimbi wake, nikaikimbilia pasi, nikasimama nayo vile vile uani. Maskini Mama Hannah aliita majirani.

Jumatatu nilisimama mbele ya shabaha kama mtu anayesaga. Mkono wa kulia juu kabisa ya mpini, wa kushoto unaziba nafasi iliyobaki, dole gumba limelala pembeni mahali ambapo kile chuma cha juu hakifiki kuuma. Teke lilikuja, likapita mikononi, likafika mabegani, likaishia hapo. Sajini Kihara alikohoa tu. Mtu huyo akikohoa ni kwamba amefurahi.

Ulisema bunduki inataka bega la mwanamume. Nimekuta inataka mgongo wa mwanamke aliyesaga. Bibi yetu angepiga bastola kuliko wewe.

Ikabaki kuchagua. Nashon akaniambia nimekuwa mtumwa wa namba, sasa nichague bila kusoma. Alizifunika namba zote kwa plasta, akatandika kitambaa, na safari hii bastola zilikuwa tatu. Mbili nilizijua kwa sura. Ya tatu sikuwahi kuiona: mtutu mfupi, lakini mwili umeshiba, nzito kidogo, na mpini unaotosha vidole vyangu vyote, hata hiki kidogo cha mwisho. Nilipiga risasi saba saba kwa kila moja.

Ile nyembamba ilikuwa nzuri, sitaisema vibaya. Ile ndogo iliruka kama kawaida yake. Lakini ya tatu, Baba Mdogo! Haikupiga teke, ilisukuma tu, kama mtoto anayekusukuma mgongoni akitaka umbebe. Ikarudi yenyewe mahali pake, ikaitazama tena ile shabaha. Nikasema ni hii, sitaki nyingine, namba yake lazima ni ndogo sana, labda ishirini na tano. Nashon akabandua plasta.

Tisa. Risasi ile ile iliyonichana kidole siku ya kwanza!

Nilimwambia ananitania. Akazitoa risasi za zote mbili, akaziweka kwenye kiganja changu, zikafanana kama mapacha. Akanieleza kwamba chuma kikiwa chepesi mno teke lote linakuja kwako, kikiwa na uzito kinameza sehemu yake kwanza. Kwa hiyo haitoshi kuuliza risasi ni kubwa kiasi gani. Uliza pia imekaa nyumba gani, na nani anaishika. Ndiyo maana nasema, mchagua jembe ni mkulima, tena mkulima hodari. Hata wewe jembe lako mpini ulichonga mwenyewe, na mtu akiligusa unanuna.

Siku ya mtihani tulipelekwa na lori kupita Woodley, kupita Karen na maua yake, hadi uwanja wa shabaha kule mbele. Asubuhi ya baridi, ukungu umelala kwenye nyasi. Tatizo moja tu: mkanda wa kiunoni wa kubebea bastola. Niliopewa ni wa turubai, umelegea, na kila nikivuta bastola unakuja nayo kama ndama na kamba. Nashon akaufunga kwa waya, akasema nikipasi nitafute mkanda wa ngozi mgumu, wa zamani, siku hizi hawatengenezi tena.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama. Nikasaga. Kumi za kwanza zote ndani. Kumi za pili nikapoteza moja. Kumi za mwisho mvua ikaanza, nikapoteza mbili, na sikufumba macho hata mara moja. Wanjira alipata ishirini na tano na ile nyembamba yake. Tulikumbatiana tukaruka kama wasichana wa shule, na Sajini Kihara alikohoa mpaka nikadhani atahitaji daktari.

Kazi ni yangu. Naanza tarehe moja.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae na kalamu. Jumapili ya Pasaka, wageni wakiwa wamejaa, ulitoa ule mkanda wako wa ngozi kutoka sandukuni, wenye shaba, uliorudi nao kutoka Burma. Mkaupitisha mkono kwa mkono. Mzee Ogutu akakuuliza utamwachia nani. Ukasema utazikwa nao, kwa maana nyumba yako ina mabinti watupu na haina wa kuuvaa. Watu wakatikisa kichwa kwa huruma. Mimi nilikuwa nasambaza chai, Baba Mdogo. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, na birika mkononi. Hukusema kwa ubaya, najua. Lakini baba yangu alipofariki ni wewe uliyetuchukua mimi na Caren, ukatuita watoto wako, kwa hiyo neno lile lilinichoma, na kila nilipotaka kurudi kwenye miavuli nililisikia.

Nauomba ule mkanda. Siuazimi. Usizikwe nao, kwa maana wa kuuvaa yupo.

Nisalimie Mama Phoebe, mwambie kikohozi anywe tangawizi asinywe maneno ya majirani. Nisalimie wadogo zangu wote pamoja na Mzee Ogutu, naye umsomee barua hii kwa sauti, hasa ukurasa wa mwisho. Mama Hannah na Wanjira wanawasalimu ingawa hamjaonana. Mungu aliyekurudisha salama kutoka mbali akutunze, akupe mvua kwa wakati wake na goti lisilojua habari zake.

Ni mimi mwanao ninayekupenda kila siku, hata siku ninazokukasirikia,

Konstebo Peres Odero.

Nimesahau: ndani ya bahasha utakuta uzi mwekundu wenye fundo. Ndicho kipimo cha kiuno changu, hakina inchi wala milimita za kutukosesha. Ulaze juu ya mkanda, na pale fundo linapofika, toboa tundu jipya kwa mkono wako mwenyewe.